Barafu kwenye goti: ninavyoiweka mimi
Goti langu la kushoto huvimba nikishuka ngazi nyingi, na kitu cha kwanza ninachokimbilia ni barafu. Naiponda, naitia kwenye mfuko wa plastiki na maji kidogo ili ilifuate umbo la goti, kisha naufunga kwa taulo jembamba lenye unyevu. Usiiweke kwenye ngozi tupu. Barafu huunguza kama moto.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha, 20 ndiyo mwisho. Utasikia baridi kali, kisha kuchomachoma, kisha maumivu ya ndani, halafu ganzi. Ganzi ikifika, ondoa. Rudia baada ya saa 2 hivi, ngozi ikiwa imesharudisha joto lake.

Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza kasi ya neva kupeleka maumivu. Haiponyi. Dkt. Gabe Mirkin, daktari wa michezo wa Marekani aliyeipigia debe barafu mwaka 1978, alikuja kusema kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Ndiyo maana mimi huitumia siku 2 za mwanzo tu.

Msuli uliokaza bila uvimbe? Hapo nachagua joto. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu barafu wala joto bila kumwona daktari. Na ukishindwa kabisa kukanyaga, achana na barafu, nenda hospitali.