Busta ya breki ya Datsun 240Z: pima kwanza, kisha linda kidude cha mpira

Wenye Datsun 240Z wengi hufika kwangu Industrial Area wakiwa wameshaamua: "Fundi, busta imekufa, nitafutie nyingine." Sishiki spana kabla sijaipima hiyo busta, kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu unapobonyeza breki. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, na ukipata la kwako hapa Nairobi unastahili kulitendea haki. Busta yake haipatikani kila duka la Kirinyaga Road, kwa hivyo usiitupe nzima ukaweka mbovu.

Injini ikiwa imezimwa, bonyeza pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu. Acha mguu hapo, washa injini. Busta ikiwa nzima, utaisikia pedali ikishuka kidogo. Isiposhuka, kuna tatizo, lakini hujajua bado liko wapi. Acha injini ingurume dakika mbili, izime, subiri kidogo, kisha bonyeza polepole: mara ya kwanza pedali inakwenda chini, ya pili na ya tatu inabaki juu zaidi. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, hewa inaingia mahali. Anza na bomba la mpira linaloiunganisha busta na manifoldi, njia ya injini ya kuvutia hewa. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia mpira huo una safari, kwa sababu kabureta ziko kushoto na busta iko kulia mbele ya dereva, na joto la injini huupasua chini kwa chini usikoona. Pinda kila sehemu kwa vidole. Kisha toa valvu iliyo kwenye mpira huo na uipulize: hewa ipite kutoka upande wa busta kwenda injini, isirudi. Valvu mbovu ni kazi ya dakika kumi.

Ukitumia geji ya kupima mfyonzo wa injini, kumbuka uko wapi. Busta haina nguvu yake yenyewe. Upande mmoja wa diaframu, ule utando wa mpira ulio ndani yake, injini inafyonza hewa, upande wa pili hewa ya nje inasukuma. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini inayosoma inchi 18 hadi 20 za zebaki kule pwani, hapa itasoma 13 hadi 15 na haina ugonjwa wowote. Nimeona busta nzima zikihukumiwa kwa sababu mtu amesoma namba za kitabu bila kuzipunguzia mwinuko. Hata pedali yenyewe hapa huwa nzito kidogo kuliko Mombasa, na hilo si kosa la gari.

Bado ni busta? Basi tuifungue. Funika rangi ya gari kwa matambara, maana mafuta ya breki huila. Nyonya kwa sirinji mafuta yaliyo kwenye vikopo vya masta silinda, ile pampu iliyo mbele ya busta inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Fungua nati za paipu kwa spana inayozizunguka karibu zote, si spana ya kawaida ya mdomo wazi, la sivyo utazichuna pembe. Ziba paipu, toa nati mbili za masta silinda, ivute mbele. Sasa tazama nyuma yake. Kukiwa na umajimaji, sili ya masta silinda inavuja na mafuta yamekuwa yakiingia kwenye busta na kuozesha diaframu. Ukiweka busta mpya hapo bila kurekebisha masta silinda, utaiua vilevile. Moshi mweupe kwenye ekzosi wakati mwingine ni mafuta haya haya, yamefyonzwa na injini.

Ndani, rudisha kiti nyuma kabisa ulale chali chini ya dashibodi. Toa split pini, toa pini inayounganisha fimbo na pedali, kisha nati nne. Kazi hii inachosha shingo, lakini haina siri.

Siri iko mbele. Katikati ya busta kuna fimbo fupi inayosukuma masta silinda, na nyuma ya fimbo hiyo kuna kidude cha mpira, kidogo kama kitufe cha koti. Usiivute fimbo hiyo ovyo. Ukiivuta, kidude huachia na kuangukia ndani, na wewe huoni kitu. Kazi yake ni kugawa nguvu kati ya mguu wako na diaframu, ili breki ikamate kadiri unavyobonyeza. Kisipokuwepo kunabaki pengo, valvu ya ndani inachelewa kufunga, na ukigusa pedali tu gari linasimama kwa kishindo.

Mzee mmoja wa Ngara aliniletea yake ikifanya hivyo hivyo. Kwingine alikuwa ameshabadilishiwa busta.

"Mzee, busta yako ya kwanza na hii ya sasa zote ni nzima," nilimwambia. "Kinachokosekana kimelala tumboni mwa hii."

"Ina maana nimelipa bure, binti yangu?"

Niliigeuza mdomo chini juu ya gazeti nikaitikisa taratibu. Kidude kikadondoka, cheusi, kizima, kina vumbi tu. Alikiokota akakigeuzageuza mkononi asiseme neno.

Kukirudisha, kisafishe kwa kitambaa kikavu. Paka grisi ya mpira kidogo sana kwenye kichwa cha fimbo, kibandike hapo, simamisha busta mdomo juu, uteremshe fimbo wima mpaka uihisi imekaa kwenye kiti chake. Usipake grisi ya bearingi, itavimbisha mpira. Hata busta iliyotengenezwa upya ikague hapa kabla ya kuifunga, na uilaze karibu na ya zamani ulinganishe kina, nafasi ya bolti na urefu wa fimbo zote mbili. Za miaka tofauti hazilingani.

Kisha pima nafasi kati ya fimbo na pistoni ya masta silinda. Weka kipande cha plastisini kwenye ncha ya fimbo, funga masta silinda, ifungue tena, upime unene uliobaki. Nataka nafasi iwepo, lakini isifike milimita moja. Isipokuwepo, pistoni haitarudi mwisho, mafuta hayatapata njia ya kurudi kikoponi na breki zitajikaza zenyewe barabarani. Ikizidi, pedali itakwenda mbali kabla ya kukamata.

Rudisha vyote, split pini iwe mpya. Jaza mafuta mapya kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, utoe hewa ukianza na gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia.

Majaribio fanya Jumapili asubuhi, Industrial Area ikiwa tupu, kwa mwendo wa polepole. Simama mara kadhaa, kwa upole na kwa nguvu. Baada ya kilomita chache shuka ukaribishe kiganja kwenye kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake inashika. Rimu za mbele zote mbili zikichoma, rudi kwenye ile nafasi ya fimbo kabla hujafikiria kushuka mteremko wa Mai Mahiu.