Yadi imekuuzia gari bovu? Jinsi ya kudai haki yako nchini Kenya

Gari likizingua siku chache baada ya kulitoa yadi, usikimbilie kulifungua. Gia boksi ikishaguswa na fundi wako, muuzaji atasema huyo fundi ndiye aliyeiharibu, na utakosa la kumjibu. Liegeshe. Piga picha ya dashibodi, kilomita na taa za onyo zikionekana, kisha tafuta mkaguzi asiyefahamiana na yadi; AA ya Kenya (chama cha wenye magari), kwa mfano, hukagua magari. Ripoti yake iseme kasoro ni ipi na, muhimu zaidi, kama ilikuwapo siku uliyonunua. Ripoti isiyogusa hilo la pili haikusaidii sana.

Siku hiyohiyo mwandikie muuzaji: nambari ya gari, tarehe ya mauzo, kasoro, unachotaka (kurudishiwa pesa, gari jingine au gharama ya matengenezo) na muda wa kujibu, tuseme siku 14. Kupiga simu tu hakutoshi. Ukiendelea kuliendesha kimya kwa wiki kadhaa utahesabiwa kuwa umelikubali, na hapo utabaki kudai fidia badala ya kulirudisha.

Wengi hukata tamaa wakiona mkataba umeandikwa kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo. Usitishike. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora unaofaa, na maneno ya mkataba yanayojaribu kuufuta uhakikisho huo ni batili. Lakini gari la mtumba halipimwi kama jipya: breki zilizolika kidogo si kesi, wala kasoro ambayo ulipolikagua ulipaswa kuiona.

Uongo ni jambo jingine, na unakupa nguvu zaidi. Ukiambiwa gari limetembea kilomita 60,000, linganisha na cheti cha kusafirishwa kutoka Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi huko. Kikionyesha 140,000, mita imerudishwa nyuma. Uliyedanganywa unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ndani ya mwaka 1 tangu ulipoufunga. Malalamiko ya aina hii hupokewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kabla ya kushtaki, hakikisha unamshtaki nani. Hapa ndipo kesi nyingi nzuri hukwama. Yadi nyingi huuza magari ya watu wengine, na mambo yakiharibika husema wao ni mawakala tu. Soma jina la muuzaji kwenye mkataba, jina la akaunti uliyolipa, na jina lililo kwenye rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari. Ikiwa ni kampuni, pata CR12 (hati rasmi ya taarifa za kampuni) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujue jina lake kamili na wakurugenzi wake. Jina la kibao cha barabarani huenda lisiwe la kampuni yoyote iliyosajiliwa.

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Gari la milioni 1.5 lenye injini ya kutengenezwa kwa 300,000 bado linaingia humo ukidai matengenezo pekee. Dai kubwa zaidi huenda Mahakama ya Hakimu. Beba mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa au ya benki, ripoti na barua yako. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishe, uambatanishe cheti cha ushahidi wa kielektroniki (maelezo yenye sahihi ya jinsi nakala hizo zilivyotolewa) chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Polisi waendee pale tu ulipotapeliwa tangu mwanzo: gari la wizi, au logibuku ya kughushi. Hawakusanyi madeni.

Na yadi ikitaka mpatane nje ya mahakama, vizuri, ila usitie sahihi ya kufuta dai wala kukabidhi ufunguo kabla pesa hazijaingia kwenye akaunti yako.