Kuendesha programu ya biti 32 kwenye kerneli ya biti 64: hatua kwa hatua

Kila msimu wa kahawa unapokaribia, mezani kwangu hapa Moshi hufika kompyuta za vyama vya msingi kutoka Kibosho, Machame na Marangu, na tatizo huwa karibu lilelile: mashine ya zamani imekufa, mpya imenunuliwa na kuwekewa Linux ya biti 64 (biti ni tarakimu ya 0 au 1, na idadi hiyo ni upana wa namba na anwani inazozishika kwa mara moja), lakini programu ya kupimia kahawa, ya biti 32 na iliyoandikwa na mtu ambaye hapatikani tena wala hakuacha msimbo wake, inagoma kufunguka. Wengi huilaumu kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwa uzoefu wangu, kerneli ndiyo yenye makosa mara chache kuliko vyote, na mwongozo huu umepangwa kwa namna ya kukuonyesha kasoro iko wapi hasa.

Prosesa za x86-64, tangu Opteron ya AMD ya mwaka 2003, hutekeleza maagizo ya biti 32 moja kwa moja bila kuigiza chochote. Kazi iliyobaki kwa kerneli ni ya ukalimani. Programu inapoomba huduma, hutaja namba ya wito, na namba hizo hazifanani pande zote mbili: kwa programu ya biti 32, namba 4 maana yake ni kuandika, ilhali kwa programu ya biti 64 namba hiyohiyo ni kuuliza habari za faili. Kwa sababu hiyo kerneli hutunza jedwali la pili kwa ajili ya wageni hawa, na kila anwani au muundo wa data wenye upana wa biti 32 hutanuliwa kabla ya kushughulikiwa, kisha jibu likabanwa tena linaporudi.

Hatua ya kwanza ni kunakili programu na data zake zote kwenye flashi mbili, na kufanya majaribio juu ya nakala tu. Hili sitalirefusha, aliyewahi kupoteza daftari la wakulima la msimu mzima hahitaji kuambiwa mara mbili.

Hatua ya pili, itambue programu yenyewe (hapa naiita mizani):

file ./mizani

Ukiona maneno "ELF 32-bit" na "Intel 80386", endelea. Ukiona kwamba ni programu ya MS-DOS, hiyo ni ya biti 16, na njia yake ni kuiendesha ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, si kwa mwongozo huu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapotosha mafundi wengi. Iendeshe programu, kisha usome ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa maana kuna jumbe mbili zinazoelekeza sehemu mbili tofauti kabisa. Ujumbe "Exec format error" unasema kerneli imekataa faili la aina hiyo. Ujumbe "No such file or directory", ingawa faili unaliona kwa macho yako, hauzungumzii faili lako hata kidogo: unazungumzia kipakiaji, programu ndogo iitwayo /lib/ld-linux.so.2, ambayo kila programu ya biti 32 inayotumia maktaba za pamoja (mafaili ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi) huiita kwanza ili iikusanyie maktaba hizo. Niliwahi kupoteza alasiri nzima nikibadilisha ruhusa za faili na kuandika upya njia yake, kumbe kilichokosekana hakikuwa faili nililokuwa nikilitazama.

Ukipata ujumbe wa kwanza, ihoji kerneli:

grep IA32_EMULATION /boot/config-$(uname -r)
cat /proc/cmdline

Jibu la amri ya kwanza linapaswa kuwa na CONFIG_IA32_EMULATION=y; amri ya pili huonyesha vigezo ambavyo kerneli ilipewa ilipowashwa. Tangu Linux 6.7 uwezo huu unaweza kuzimwa au kuwashwa wakati wa kuwasha mashine, kwa hiyo kama umezimwa kwa makusudi, ongeza ia32_emulation=on kwenye vigezo vya GRUB, programu inayoipakia kerneli mashine inapowaka, endesha update-grub, kisha washa mashine upya. Wanaoufunga uwezo huu hufanya hivyo kwa sababu za kiusalama, nami nawaelewa: mlango usiotumika ni heri ukafungwa. Kwenye mashine ya ofisi ya mizani, hata hivyo, mlango huo unatumika kila siku.

Ukipata ujumbe wa pili, ambao ndio wa kawaida, ongeza usanifu wa biti 32, uitwao i386, kwenye mfumo (amri hizi ni za Debian na Ubuntu, matoleo mawili ya Linux):

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Baada ya hapo, uliza maktaba zipi bado zinakosekana:

ldd ./mizani

Angalia, amri hii ukiiendesha kabla kipakiaji hakijawekwa, itakujibu kwamba hiyo si programu inayotumia maktaba za pamoja, jambo ambalo si kweli. Kila mstari wenye "not found" tafutia kifurushi chake chenye mkia wa :i386. Debian ina hazina pana zaidi ya vifurushi hivi. Ubuntu, tangu toleo la 19.10, hutoa vile vilivyoteuliwa tu. Maktaba inayonisumbua zaidi ni libncurses.so.5, inayochora skrini za programu za zamani na ambayo Ubuntu 24.04 haina. Usiibandike maktaba ya toleo la 6 jina la toleo la 5 ukidhani umemaliza, kwa kuwa inaweza kufunguka leo na kuanguka katikati ya kupima gunia la arobaini. Ichukue kwenye diski ya kompyuta ya zamani, iweke kwenye saraka yake, na uiite kwa hati fupi:

#!/bin/sh
LD_LIBRARY_PATH=/opt/mizani/lib exec /opt/mizani/mizani

Chukua zilizokosekana tu. Libc ya zamani, yaani maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea, iache ilipo, kwa sababu lazima ioane na kipakiaji, na ukizichanganya programu itaanguka kabla ya kuonyesha chochote.

Sasa programu inafunguka, lakini haijawa salama. Kuna moja iliyofunguka vizuri kisha ikakataa kuhifadhi, ikidai diski imejaa, wakati diski ilikuwa mpya na tupu. Mwandishi wake alihesabu nafasi kwa baiti ndani ya namba ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi), ambayo haivuki 2,147,483,647; nafasi kubwa iligeuka kuwa namba hasi. Kerneli haiwezi kusahihisha hesabu inayofanyika ndani ya programu, kwa hiyo niliipa diski ndogo ya kujifanya:

sudo truncate -s 1G /srv/mizani.img
sudo mkfs.ext4 /srv/mizani.img
sudo mount -o loop /srv/mizani.img /opt/mizani/data

Hamishia data humo baada ya amri ya tatu, na uandike mstari wake kwenye /etc/fstab ili ifunguliwe kila mashine inapowaka. Ugonjwa wa namna hiyohiyo uko kwenye saa: programu inayohesabu sekunde kwa biti 32 itafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa, kisha itarudi Desemba 1901. Mteja aambiwe mapema.

Mwisho ni waya wa mizani. Draiva, programu inayoongoza kifaa, hukaa ndani ya kerneli, hivyo lazima iwe ya biti 64, na draiva za biti 32 za kwenye CD ya zamani hazina kazi. Kwa bahati nzuri, nyaya nyingi za kubadilisha poti ya siriali kuwa USB tayari zinatambuliwa na Linux. Mwingize mtumiaji kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti za siriali, badilisha jina la poti kwenye faili la mipangilio kuwa /dev/ttyUSB0, washa mashine upya, kisha weka juu ya mizani mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa na uchapishe stakabadhi mbele ya karani mwenyewe.