Barafu kwenye vioo vya gari: kuitoa asubuhi, kuizuia usiku

Kuna kijana amehamia hapa Minneapolis, Marekani, juzi juzi kutoka Kisumu. Nimemkuta na birika la maji ya moto anataka kumwagia kioo. Ndugu zangu, maji ya moto hapana. Kioo kilichoganda kikipata joto la ghafla hupasuka, na kisipopasuka, maji hayo hayo yataganda upya.

1. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi, kisha washa gari, hita ipulize kioo cha mbele. Gereji ikiwa imefungwa usithubutu: moshi ule unaua.

2. Pulizia spiriti ya duka la dawa, vikombe viwili kwa kimoja cha maji. Subiri kidogo. Chupa ilale ndani ya nyumba.

3. Kwangua kwa plastiki, vioo vyote. Waipa zisiguswe mpaka zijiachie.

4. Barafu ya ndani. Hii ndiyo inayotesa watu: nje umemaliza, lakini bado huoni kitu. Chanzo ni unyevu, yaani pumzi zenu na theluji mliyoingia nayo kwenye viatu. Tazama kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Wengi hukiacha kimewaka ili joto lije haraka. Kizime, hewa ya nje iingie. Washa kiyoyozi pamoja na hita, ndiyo, wakati wa baridi, kwa sababu hukausha hewa. Ila baridi ikizidi, kiyoyozi cha magari mengi hakikubali kuwaka. Usihangaike, hewa ya nje wakati huo ni kavu ya kutosha. Mikeka ya miguuni iliyolowa ipeleke ndani ikakauke. Jioni ukifika, fungua milango yote kidogo, ule uvuguvugu utoke kabla hujafunga. Mikeka ikiwa mikavu na barafu bado inarudi kila siku, kagua mipira ya milango. Ukisikia harufu tamutamu na kioo kina utando wa mafuta, hita inavuja maji ya rejeta: nenda kwa fundi.

5. Usiku usio na mawingu kioo hupoteza joto kuelekea angani hadi kikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Kwa hiyo kifunike kwa turubai, ncha zake uzibane na milango, au egesha chini ya paa. Blanketi hulowa likagandia kioo. Wapo wanaoshauri kupaka kioo siki usiku: siki niachieni ya kachumbari. Maji ya waipa nunua yaliyoandikwa nyuzi -20 za Fahrenheit au chini zaidi, na yale ya kiangazi yamalize kwanza kwa kuyapuliza, la sivyo yataganda ndani ya mpira unaopeleka maji kwenye kioo.