Simu za ofisi zikigoma: tafuta ubovu ulipo kabla ya kununua mtambo mpya

Neno ninalolisikia zaidi nikifika kwa mteja ni "swichibodi imekufa." Mimi ni fundi simu, makao yangu ni Mbeya mjini, na kazi hunizungusha kuanzia Kyela hadi Mafinga: hoteli, shule za bweni, viwanda vya chai, maghala ya mbao. Swichibodi (mtambo wa kugawa simu za ofisi) iliyokufa kweli naikuta mara chache. Ninachokuta ni waya uliolika, adapta iliyochoka, eathi (waya wa kupeleka umeme ardhini) isiyokuwepo, au ruta iliyobadilishwa bila mtu wa simu kuambiwa. Kuna shule ilikwisha kuanza kuchangisha wazazi ili inunue mtambo mpya, kumbe ubovu ulikuwa kwenye jointi moja juu ya dari. Jambo hilo liliniuma sana, na ndiyo sababu naandika haya kwa ajili yako unayetunza simu za ofisi.

Bisibisi ikae mfukoni kwanza, uliza. Dada wa mapokezi ndiye anayeshinda na simu hizo, msikilize vizuri. Ni ekstensheni moja, yaani simu moja ya ndani, au zote? Mnashindwa kupiga nje, kupokea, au hata ndani kwa ndani? Ilianza lini, na siku hiyo kulikuwa na radi, umeme ulikatika, au alikuja fundi mwingine wa kitu chochote, hata wa rangi? Ndani kwa ndani watu wakiongea vizuri na nje hakutoki kitu, nenda kwenye laini ya nje. Ekstensheni moja ikigoma na jirani zake ni nzima, ubovu uko kati ya kadi ya mtambo na meza ya mhusika.

Baada ya hapo, kata njia katikati, yaani ipime kwa nusu ujue ubovu uko upande gani. Kwa mtambo wa zamani wa analogi, unaotumia nyaya za shaba za simu, chukua simu ya kawaida unayoiamini, nenda kwenye Krone, yaani lile boksi la kugawia nyaya karibu na mtambo, chomoa upande unaokwenda jengoni, kisha iunge simu yako upande wa mtambo. Ukipata mlio, mtambo ni mzima kwa namba hiyo, fuata waya. Usipoupata, hamishia waya wa mtu huyo kwenye bandari (tundu la kuunganishia) ya jirani inayofanya kazi. Simu yake ikiamka, bandari ya kwanza ndiyo mbovu, na mara nyingi ni bandari hiyo peke yake, si kadi nzima.

Mita itakusaidia kuliko kubahatisha. Laini ya nje ya shaba, mkonga ukiwa chini, husoma karibu volti 48 za DC. Ukinyanyua mkonga hushuka hadi kati ya 6 na 12 hivi. Ikibaki 48 hata mkonga ukiwa juu, simu yako haijaungana na laini. Ikisoma sifuri, chomoa kila kitu cha ndani upime tena pale laini inapoingia jengoni, kwa sababu waya wa ndani uliogusana huivuta volti yote chini. Bandari za ndani za mitambo midogo hutoa pungufu, kama 24 hadi 30, basi usishtuke. Simu ikiita, nyaya hizo hubeba karibu volti 90 za AC. Zinaweza kukurusha kwenye ngazi, kwa hiyo usishike shaba kwa vidole.

Waya mrefu, kwa mfano wa kutoka ofisini hadi kwenye mizani ya kupokelea majani ya chai, upime kwa omu (kipimo cha ukinzani wa waya) baada ya kuutoa kwenye mtambo. Mwambie mwenzako agusanishe ncha mbili huko mbali. Waya wa milimita 0.5 hutoa kama omu 170 hadi 180 kwa kilomita, kwenda na kurudi, hivyo mita 300 zitasoma kama 50. Isiposoma kitu, umekatika. Kisha aachanishe ncha. Sasa mita haitakiwi kusoma chochote. Ikisoma, mara nyingi kuna maji ndani.

Maji hapa kwetu ni habari ndefu. Mvua za nyanda hizi huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, Tukuyu hata zaidi, na Mufindi ukungu huingia hadi ndani ya maboksi. Mteja akikuambia simu inakwaruza asubuhi na inatulia mchana jua likishatoka, usiguse mtambo. Hiyo ni jointi yenye unyevu. Itafute nje, kwenye nguzo au chini ya paa, na mara nyingi utakuta imesokotwa na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Kata pale shaba ilipogeuka kijani, rudi nyuma hadi shaba safi, unga kwa viunganishi vyenye jeli ndani. Boksi la nje litoboe tundu dogo chini ili maji yatoke, na waya uuingize kutokea chini, ukiwa umeachiwa mkunjo ili matone yadondoke kabla ya kufika.

Radi nayo haina msamaha. Waya wowote wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine uwe na kinga ya radi ncha zote mbili, na kinga hizo ziende kwenye eathi ileile ya umeme wa jengo. Wengine hupigilia fimbo ya peke yake kwa ajili ya simu wakidhani ni salama zaidi. Ni hatari: radi ikipiga karibu, fimbo mbili hupishana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo hupita ndani ya mtambo wako. Funga zote pamoja. Pima eathi mwezi Oktoba, udongo ukiwa umekauka kabisa, maana kipimo cha Februari kwenye tope kitakudanganya. Mimi natafuta chini ya omu 5.

Simu za IP, zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, zina tabia nyingine, ila njia ya kukata katikati ni ileile. Kioo hakiwaki: ibadilishe bandari ya swichi (kifaa cha kugawia kebo za mtandao), kisha kebo, na kumbuka kebo haipaswi kuzidi mita 100. Kioo kinawaka ila simu haijasajiliwa: tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, haijapewa anwani na mtandao, kwa hiyo nenda kwenye ruta au swichi. Ikiwa na anwani sahihi, soma kosa linalorudi. 403 ni kukataliwa, angalia jina na paswedi. 408 ni kwamba hakuna aliyejibu. Jaribu kufika kwenye seva, yaani mtambo ambako simu hujisajili, kwa kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule. 401 ikitokea mara moja mwanzoni ni kawaida, seva inaomba paswedi tu.

Sauti kusikika upande mmoja, karibu kila mara ni ruta. Zima kile kipengele chake kiitwacho SIP ALG, kinachobadilisha ujumbe wa simu unaopita, kisha hakikisha milango ya sauti imeruhusiwa sawa na ule wa 5060, wa kuanzishia simu. Simu inayokatika yenyewe kila inapofika sekunde 32 ni ndugu wa tatizo hilo: jibu la mwisho la kuthibitisha maongezi halifiki, na mtambo huchoka kungoja. Sauti ya kukatakata hutokana na njia nyembamba. Simu moja inayotumia G.711, njia ya kubadili sauti kuwa data, hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo maongezi 10 yanataka karibu megabiti moja ya kupandisha, wakati ofisi nzima inatuma mafaili. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta, na simu za mezani ziwe kwenye kebo.

Ofisi nyingi sasa zina mchanganyiko: mtambo wa IP na laini za shaba zilizobaki, zikiunganishwa na geti, kifaa cha kuunganisha aina hizo mbili. Ukiona laini inaonyesha inatumika na hakuna anayeongea, geti halijatambua kwamba mtu wa nje amekata. Lirekebishe litambue mlio wa laini yako hasa, usiache mipangilio ya kiwandani. Na paswedi za kiwandani zibadilishwe siku ileile ya kufunga, la sivyo mtu wa mbali atapiga simu za nje ya nchi na bili itakuja kwako.

Ukifika mahali ambapo laini ya nje inasoma sifuri hata baada ya kuchomoa kila kitu cha ndani, mpigie mtoa huduma. Mpe namba ya laini, saa ubovu ulipoanza, volti ulizosoma, na mwambie umepima pale laini inapoingia jengoni. Kama ni ya IP, mpe namba ya kosa, muda kamili wa simu moja iliyogoma, namba iliyopiga na iliyopigiwa. Fundi wake atajua aanzie nguzo gani, na hatakuja kukuambia uizime ruta na kuiwasha.