Kuweka mafuta Unguja kwa aliyezoea sheli za Bara

"Shemeji, huku sheli gani yenye bei nafuu?" Ndilo swali la kwanza aliloniuliza mdogo wa mume wangu alipohamia kutoka Tanga na kununua Vitz yake. Nikamjibu hakuna. Kila asubuhi natoka Fuoni kuelekea mjini na watoto sita wa skuli ndani ya Noah. Sheli zote ninazozipita zina bei moja.

Huku bei hupangwa na ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Hutangaza kila mwezi, na bei mpya huanza kutumika karibu na tarehe 8 au 9. Utaona bei moja ya rejareja ya petroli, moja ya dizeli, moja ya mafuta ya taa, basi. Bara ni EWURA, mamlaka yao ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei zao huenda mji kwa mji. Mafuta yakishashushwa Dar, Tanga au Mtwara, lori linaloyapeleka Kigoma au Bukoba lina gharama zake, na gharama hizo zinaingia kwenye lita. Tena ile ya Bara ni bei kikomo: mwenye kituo akitaka kuuza chini yake anaruhusiwa, ndiyo maana shemeji alizoea kutafuta. Kwa ndugu zetu wa Mombasa ni EPRA, mamlaka ya Kenya, tarehe 14 ya mwezi, na Mombasa hulipa kidogo kuliko Nairobi kwa sababu bandari ipo kwao.

Baina ya Jumatano ya EWURA na tarehe 9 yetu, hapo ndipo watu hupandwa na wazimu. Bara ikipanda kwa mia, mtaani huku kila mtu ana habari kwamba "kesho mafuta hayapatikani", na foleni inafika barabarani. Piga hesabu kabla hujajiunga nayo: lita 30 mara shilingi 100 ni 3,000. Kwa saa nzima juani na kiyoyozi kinakula mafuta yale yale unayoyaokoa, mie siendi.

Sasa kama bei ni moja, mtu anapunjwa wapi? Kwenye lita. Wengi wetu tukifika husema "tia ya elfu ishirini" na macho yanarudi kwenye simu. Tuseme lita ni 2,900: elfu ishirini inakupa lita 6.9. Mwezi ujao ikipanda ikawa 3,100 unapata 6.45. Kwa Noah yangu, inayokwenda kilomita kumi kwa lita hapa mjini, hizo ni kilomita nne na kitu zimepotea, nawe unadhani gari imeanza kula mafuta. Nilikaribia kubadilisha plagi zote kwa sababu hiyo. Kwa hiyo taja lita: "nitilie lita kumi." Pesa utaijua kichwani kabla bomba halijaingia tangini.

Na sifuri uione kwa macho yako. Usiku mmoja nilisimama kwenye sheli moja nikiongea na mama yangu kwenye simu, nikaagiza ya elfu thelathini. Mbele yangu palikuwa na Vespa iliyotia ya elfu nane. Kijana wa pampu hakurudisha mita. Alichomeka bomba kwangu akaendelea pale pale kwenye elfu nane mpaka ikafika thelathini. Nililipa, nikaondoka, na nilipofika taa za barabarani nikaona mshale haujapanda kama ninavyoujua. Nikageuza. Kijana akaniambia, "Mama, mita haidanganyi." Kweli haikudanganya! Msimamizi alinitilia lita mbili na robo tatu zilizobaki, samahani sikuisikia. Tangu siku ile nateremka garini, nasimama ubavuni mwa pampu, nasema "sifuri" kwa sauti, hata kwa kijana ninayemjua tangu mdogo. Risiti nayo naichukua, kwani bila risiti usingeniona nikirudi kudai.

Kuna wanaosema utie alfajiri, eti mafuta ya baridi ni mazito, unapata mengi zaidi kwa lita ile ile. Petroli hutanuka kwa kiasi cha mililita moja tu kwa kila lita joto likiongezeka kwa nyuzi moja, na tangi la sheli limefukiwa ardhini ambako joto halibadiliki sana baina ya asubuhi na mchana. Lala usingizi wako. La maana zaidi ni lori: ukilikuta linashusha mafuta, pita, nenda sheli nyengine au rudi baadaye. Mafuta yanapomiminwa tangini hutibua takataka na maji yaliyotulia chini, khasa wakati wa masika.

Ukitoka nje ya mji, jaza kabla. Njia ya Nungwi au ya Paje na Jambiani sheli zipo, lakini umeme ukikatika na jenereta hakuna, pampu haitoi hata tone. Sisi tuliokuwepo Unguja ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua foleni ya watu wenye jenereta ilivyokuwa. Kwa Pemba, ukishapita Konde kuelekea Ngezi na Makangale usihesabu sheli tena.

Vijijini utakuta petroli kwenye chupa za maji, imepangwa juu ya meza kando ya njia. Ni ya bodaboda na Vespa, bei yake ya juu, na chupa haina mita. Ukilazimika, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe usubiri. Petroli safi hukauka ikaondoka. Ikibaki doa la mafuta, imechanganywa na mafuta ya taa. Mie huishia kutia lita moja tu ya kunifikisha sheli.

Kidumu cha plastiki sheli nyingi hukataa, wala usigombane nao: plastiki hujikusanyia umeme, na cheche moja yatosha. Wakikubali kopo la chuma, liweke chini sakafuni, si ndani ya buti, na mdomo wa bomba uguse kopo muda wote. Zima gari, sigara nje, abiria wateremke.

Mwisho ni saa. Ijumaa baada ya saa sita mchana vijana wa pampu huanza kwenda msikitini, utasubiri. Mwezi wa Ramadhani usifike sheli saa kumi na moja jioni, kila mwenye gari anakimbilia futari na hakuna anayeangalia sifuri. Nenda baada ya tarawehe, pampu ziko tupu na kijana ameshakunywa uji.