Wiki ya mwisho kabla hujatumwa umisionari nje ya nchi: fanya hivi

Naandika hii kwa mdogo wangu yeyote ambaye saivi yuko kwenye mafunzo ya umisionari huku kwetu Moshi au pale Arusha na amebakiza siku saba apande ndege. Mi nilitumwa Lubumbashi, Congo, nikiwa na miaka 24, nikakaa miaka miwili, na tangu nirudi vijana wananipigia simu kuuliza wiki ya mwisho wafanye nini, na wengi wanaulizia begi. Begi ni kazi ya nusu siku. Wiki ile ni ya kufunga madeni, ya makaratasi, ya hela na ya watu, na hayo ya watu ndo mazito maana ukiondoka nayo moyoni yanakufuata mpaka ugenini ambako huna wa kumwambia.

Makaratasi yamalize Jumatatu na Jumanne ili yakutoke kichwani. Pasi angalia inaisha lini, iwe imebakiza miezi sita na zaidi. Viza isome herufi kwa herufi, jina, tarehe ya kuingia, unaruhusiwa kukaa siku ngapi. Afu kadi ya njano, hapa nisikilize vizuri: Congo huingii bila chanjo ya homa ya manjano, na hata siku unarudi huku utaulizwa kadi kwa sababu unatoka nchi yenye ugonjwa. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwaiyo anayesubiri wiki ya mwisho ameshachelewa, kama unasoma hii umebakiza wiki tatu nenda kesho asubuhi. Na kama ulichanjwa zamani usihangaike kurudia, tangu 2016 sindano moja ni ya maisha yote. Mimi kadi yangu ilikosewa herufi moja ya jina la ukoo, nikaiona Jumanne jioni nikiwa naipanga kwenye bahasha, Jumatano nikaamkia kwenye foleni kurekebishiwa, nusu siku ya mafunzo ikapotea hivihivi. Ukipewa kadi ifananishe na pasi hapohapo kabla hujatoka mlangoni.

Kopi toa tatu: moja kwa mzazi, moja ofisi ya usharika, moja kwenye begi la nguo mbali na pasi yenyewe.

Hela. Kama unaenda Congo kule dola inatumika dukani kabisa pamoja na faranga zao, ila noti ya dola ikiwa na mchaniko hata mdogo kama kucha hawaipokei. Faranga iliyochakaa inapita, dola iliyochanika haipiti. Kwaiyo ukibadilisha hela simama pale dirishani uzikague noti moja moja kwenye mwanga, mwombe dada akubadilishie mbaya, hatakuona msumbufu. Na kama uko kwenye kikoba lipa deni lako kabla hujaaga au kabidhi hisa zako kwa mtu mbele ya mwenyekiti na daftari liandikwe. Wasiachiwe akina mama wenzako kazi ya kukutafuta kwa simu ukiwa nchi ya watu.

Sasa mazoezi. Masomo mapya usisome tena wiki hii, Biblia unayo na madaftari unayo, kitu cha kufanyia mazoezi kila siku mpaka uondoke ni kuhubiri na mkalimani. Mi nilidhani Congo nitajisemea Kiswahili changu tu mambo yaishe, kumbe sharika nyingine ibada ni Kifaransa, na ukienda vijijini kuna lugha zao. Mwalimu wetu alitupanga wawili wawili, mmoja anahubiri Kiswahili, mwenzake anatafsiri kwa Kichagga au Kimeru, yaani lugha ya nyumbani kwake, afu mnabadilishana. Siku ya kwanza nilimwaga sentensi moja ndefu hivi yenye Ibrahimu na Sara na ile safari na ahadi na nyota zote za mbinguni, mwenzangu kijana wa Usa River akabaki ananiangalia, akasema kwa Kimeru maneno kama manne, akanyamaza. Mwalimu akamuuliza umetafsiri nini, akasema, nimewaambia Ibrahimu alisafiri. Na hakuwa na kosa, mimi ndo sikumpa kitu cha kushika.

Ndo nikajifunza. Sema wazo moja, nyamaza, msubiri amalize, usimwangalie yeye, waangalie watu. Usitumie methali ambayo hujamweleza kabla. Mpe mkalimani mistari ya Biblia mapema aitafute kwenye Biblia ya lugha yake. Na kama una dakika 20 andaa neno la dakika 10, nusu nyingine ni ya kwake. Ushuhuda wako pia upunguze uingie dakika 5, maana kule kila ibada utasimamishwa usalimie, na mgeni anayesalimia nusu saa anawachosha watu kabla hawajampenda.

Hata panapozungumzwa Kiswahili usijiamini sana. Lubumbashi watoto ni batoto, vitu ni bintu, shule ni masomo, ugali ni bukari na kisamvu ni sombe, na Jambo ambayo sisi tunawaachia watalii kule ni salamu ya kweli, mzee anakupa mkono anakwambia jambo na inabidi uitikie kwa heshima. Wiki ya kwanza nilimsahihisha mama mmoja, nikamwambia mama sio bintu, ni vitu. Alinyamaza. Siku nzima hakunisemesha tena, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naumia. Kile ni Kiswahili chao, wamekizungumza toka kwa bibi zao, wewe ndo uliyekuja kujifunza. Nawaomba sana hili mlishike.

Jumatano au Alhamisi ombeni ruhusa mpande Kidia, Old Moshi. Hiace zinapatikana kuanzia Kiboriloni, mnapanda mlima mpaka mnafika pale kanisani kwenye baridi na migomba. Naipendekeza hii kuliko semina yoyote. Wamisionari wa Leipzig, yaani Walutheri wa Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, wakaanzia Machame, na baadae Old Moshi, na pale ndo alipofanyia kazi miaka mingi Bruno Gutmann aliyekuja 1902 na kuondoka moja kwa moja 1938. Huyu alikaa na wazee wa Kichagga akawauliza mashauri yanaamuliwaje, ardhi inarithiwaje, kijana anafundwaje, akaandika, na 1926 akatoa kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga. Sio kwamba wageni wote wa enzi zile walitutendea hivyo, kuna waliotuambia kila cha kwetu ni cha giza na wazee wetu wanajua nani na nani. Ndo maana mkifika pale mtafuteni mzee mumuulize swali moja tu, babu, mgeni gani aliwaletea neno vizuri na gani aliwaumiza. Afu mkae kimya. Tulipouliza sisi mzee alifikiri muda mrefu akasema, yule aliyekula kwetu. Nikakumbuka Luka 10, pale Bwana anapowaambia aliowatuma wakae nyumba ileile wale na kunywa wanachopewa. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, sikuwahi kufikiri kwamba kula ni sehemu ya kazi. Kwaiyo kama kuna chakula huli kwa kujidekeza, sio kwa ugonjwa, anza kukila wiki hii.

Sasa nyumbani. Omba siku mbili za kulala nyumbani, na kama ratiba inabana omba hata usiku mmoja.

Mimi na baba yangu mdogo hatukuwa tunasalimiana miezi nane kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Marehemu baba alipanda masale pale mpakani, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka, kuna mwaka yakang'olewa, nikamtamkia baba mdogo maneno mbele ya watu ambayo mtoto hatamki kwa mzazi. Kwenye mafunzo nilikuwa nafundisha somo la upatanisho, nalifundisha vizuri kabisa, na roho inanisuta. Alhamisi jioni nikamwambia bibi. Bibi hakusema mengi, akatoka nje na kisu, akarudi na jani moja la isale, refu, limelowa umande, akalifuta kwa kanga yake akanipa, akasema twende. Wachagga wenzangu mnajua, isale ni la kuombea msamaha, ukipelekewa hukatai. Tukafika nikalishika kwa mikono miwili nikampa, nikasema baba nimekukosea. Alilipokea akaliweka mapajani, akaanza kulikunja taratibu kuanzia nchani, analikunja analikunjua, hasemi kitu, mwisho akaniuliza, huko unakokwenda kuna baridi? Nikajua imeisha. Mpaka haukujadiliwa usiku ule na mimi sikuutaja.

Kwenu inaweza kuwa sio isale, wewe wa Meru, wa Upare au Mmasai mnajua mnavyopatana. Fanya kwa njia ya kwenu na nenda na mkubwa, usiende peke yako na usitume meseji WhatsApp. Na usisubiri Jumapili ya kuagwa, siku ile watu wana furaha na haraka, utapewa msamaha wa midomoni tu.

Begi sasa, Ijumaa. Soma tiketi imeruhusu kilo ngapi, nyingi ni 23 kwa begi, pima nyumbani. Lubumbashi iko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Moshi mjini, na mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, kwaiyo pita Memorial kwenye mitumba utafute sweta nzito moja na viatu vya kufunga, usinunue vipya vya kukubana. Plagi kule ni za tundu mbili za duara, beba adapta. Dawa zako ziwe na karatasi ya daktari. Zawadi beba kahawa yetu iliyokaangwa na kufungwa vizuri, na kanga mbili tatu kwa mama utakayefikia kwake. Ndizi na vyakula vibichi acha, najua mama atataka kukufungia, mpokee umshukuru, mpe mdogo wako ale.

Jumamosi lala. Kweli, lala, zima simu mchana.

Jumapili ya kutumwa wachungaji watakuwekea mikono, piga magoti na usiwaze kitu kingine. Baada ya ibada kuna mnada, ndizi, mayai, jogoo, watu wananunua mkungu mara tatu wanaurudisha uuzwe tena ili wewe usafiri. Simama pale nje mpaka mwisho wa mnada hata kama jua ni kali, na bahasha ukipewa andika jina la aliyetoa kwenye daftari dogo. Mi kulikuwa na bibi mmoja alitoa mayai manne. Lile daftari nililisoma mwezi wa tano kule nilipotaka kurudi nyumbani, nikafika kwenye mstari wa mayai manne nikakunja nguo nilizokuwa nimeanza kupanga.

Siku ya safari, KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mkafike masaa matatu kabla, na mkumbuke kutoka njia panda ya barabara kuu mpaka uwanjani bado kuna kipande. Agana na watu nje mapema, omba mmoja aombe, sio wote. Pasi na kadi ya njano viwe mkononi, sio kwenye begi linaloingia chini, maana Lubumbashi kadi wanaitaka kabla hujaliona begi lako. Ukifika mpigie mama kabla ya mtu yeyote, na kule saa iko nyuma kwa lisaa limoja, kwaiyo kwako ikiwa saa mbili usiku yeye ni saa tatu na bado hajalala, anasubiri.